Upindo wa Dirishani

Majina hayanipotei. Shule niliacha darasa la tatu, lakini niulize wanawake waliouza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Rodi Kopany mwaka ambao Ochieng' wangu alioa, nitakutajia mmoja mmoja: Risper mlangoni, Dorka kando yake, Mama Pamela juu ya debe kwa sababu ya mgongo. Hata ng'ombe waliotolewa mahari naweza kukutajia kwa rangi zao. Kwa hivyo usifikiri nimesahau ukinisikia namwita huyu mwanamke Fundi tu, mwanzo hadi mwisho. Jina lake ninalo. Sitaki tu kumpa. Alipewa mengi.

Alikuwa na cherehani kwenye baraza ya duka la chumvi. Alianza kwa kushona yunifomu za shule kama wengine, halafu akaingia kazi ambayo hakuna mtu wa huku alikuwa ameisikia: kupamba vyumba vya watoto wachanga. Miaka ile ya tisini walimu, manesi na wake za makarani walianza kujenga nyumba za mabati zenye vyumba vinne, na ghafla mtoto naye akatakiwa kuwa na chake. Sisi tulilala na watoto wetu kifuani mpaka mwingine alipokuja kumsukuma wa kwanza. Lakini dunia ilikuwa imegeuka, na Fundi aligeuka nayo mapema kuliko sote. Alikwenda mpaka Isebania, akavuka hadi Sirari upande wa Tanzania, akarudi na neti nyeupe, vitenge vya maua madogo na riboni. Alipokuwa akishuka na mzigo wake wanawake walimzunguka kama kuku wameona mahindi. Nilikuwa nasimama mbali, najifanya nachagua nyanya.

Kazi yake haikuanza na futi ya kupimia. Ilianza na kulala chini. Ukimwita nyumbani kwako alivua viatu, akatandika leso katikati ya chumba kitupu, akalala chali na ule mwili wake wote, mikono kifuani. Halafu kimya. Kwa nesi Roselida, mume wake Barnaba alirudi mchana bila kujua kuna mgeni, akafungua mlango, akapiga ukemi mpaka majirani wakaja na majembe. Fundi hakugeuza hata shingo.

"Baba," akamwambia, "toka kwenye mwanga. Niko kazini."

Maana yeye alisema mtoto haoni ukuta. "Ukuta ni wa wageni," alisema. "Mtoto anaangalia juu, anaona mabati yenu yenye kutu, halafu mnauliza mbona analia." Kwa hivyo alichukua magunia ya kitambaa ya unga, akayachemsha mpaka maandishi yakatoka, akayaunganisha, akayavuta chini ya mabati kama dari. Juu ya hiyo dari alichora kware, samaki na vibuyu. Ukilala pale, walisema waliolala, unaona kware wanatembea.

Mimi sikulala pale. Nitafika huko.

Alikuwa na maneno yake. Mama mmoja akimsumbua kuhusu rangi, alimwambia, "Kitanda cha mtoto ni mgongo wa mama. Mimi napamba tu." Baba akilalamika kwamba neti ni ndogo, alimjibu, "Ni ya mtoto, wewe una mbu wako." Watu walicheka wakarudia maneno hayo sokoni mpaka nikayachukia. Mimi pia nilikuwa na maneno, lakini hakuna aliyeyabeba kutoka kwangu hadi Rangwe.

Na alikuwa na upande wake mwingine ambao waliomsifu hawakuutaja. Wajukuu wake mwenyewe, wanne, Odhiambo, Akoth, Juma na yule mdogo Awino, walilala kwenye mkeka mmoja wa mafunjo chini ya cherehani aliyoirudisha nyumbani kila jioni, vichwa juu ya vipande vya vitambaa vya watu. Nyumba yake haikuwa na dari. Nilimuuliza siku moja, na sikuuliza kwa uzuri.

"Fundi, hawa wako mbona wanaangalia mabati?"

"Hawa wananiangalia mimi," akasema, sindano iko mdomoni. "Nimewatosha."

Kila Jumapili alikuwa mstari wa mbele kanisani na kofia yake ya manjano. Lakini miko ya wazee aliishika kuliko wazee. Na hapo ndipo penye habari yangu.

Kwetu mtoto ambaye hajazaliwa hanunuliwi kitu. Unamnunulia nani? Umemwona? Ukiandaa mapema ni kama unamtangazia anayechukua watoto kwamba hapa kuna mmoja anakuja. Mabinti wenye mishahara hawakutaka kusubiri, na hawakutaka kuvunja mwiko pia. Fundi akawapatia njia. Alitengeneza kila kitu kabla, dari, neti, mapazia, shuka, kila kitu, isipokuwa upindo mmoja. Huo aliuacha wazi, umekunjwa na kushikwa kwa pini tu. Alisema nyumba ambayo haijaisha haina mwenyewe. "Kifo kikija kuuliza mtoto wa chumba hiki yuko wapi, tunakiambia, chumba kipi? Hapa bado kuna kazi." Mpaka mtoto aletwe nyumbani, alie mle ndani, ndipo upindo unafungwa. Hayo ndiyo tuliyojua sisi sote. Nani anafunga, sikuwahi kuuliza, na sherehe za vyumba vyake nilizikwepa. Nilidhani ni yeye. Kila kitu kilikuwa yeye.

Mimi nilikuwa mpakaji wa kuta. Nakwambia hivyo bila kujisifu, kwa sababu waliokuwa wakinisifu wamekufa. Tangu niolewe kutoka Karungu, kwa udongo mwekundu, mweupe na wa kijivu, vidole vyangu vilichora nyumba za boma letu kila baada ya mavuno, na wageni walisimama njiani kutazama. Halafu zikaja nyumba za saruji, na saruji haihitaji vidole vya mtu. Sasa Fundi akaja kwangu siku moja, akanisalimia vizuri, akaniomba nimwonyeshe ninakochimba ule mwekundu, autumie kwenye dari.

Nilimwonyesha mahali pabaya. Nilimpeleka mwenyewe hadi kwenye kijito, kwenye ule udongo ambao ukikauka unabanduka kama ngozi ya nyoka. Nikamwambia, "Huu ndio, dada." Nikarudi nyumbani nikapika vizuri siku hiyo. Wiki mbili baadaye nikasikia dari ya mwalimu Consolata ina kware wekundu ambao hakuna mtu amewahi kuona. Fundi alikuwa ameuchanganya na uji wa muhogo ukashika kama gundi. Akatuma Awino aniletee sahani ya ndizi na ujumbe: "Bibi anasema asante kwa udongo, unahitaji tu kubembelezwa." Nilikula zile ndizi. Zilikuwa tamu, na hilo pia liliniudhi.

Basi mke wa mwanangu, Beatrice, akapata mimba. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilitoka kwenye mwezi wa tano, na mwaka mzima baada ya hapo aliongea kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Hii ya pili nilikuwa nimeiomba kwa magoti. Huyo angekuwa mjukuu wangu wa kwanza. Ochieng' ndiye mtoto wangu wa pekee aliyebaki, na nilikuwa nimeshaona jinsi itakavyokuwa: mimi nitamwogesha, mimi nitamfunga mgongoni, mimi nitamwimbia. Watu watauliza, huyu mtoto ni wa nani, na mtoto mwenyewe atanyoosha kidole kwangu.

Beatrice akataka chumba. Ochieng' akakata chumba chao cha kulala kwa ubao, akapata nafasi ndogo yenye dirisha moja upande wa migomba. Mlango wake ukawa unapitia ndani, kando ya kitanda chao.

Wewe unayenisikiliza, kama si wa kwetu, elewa hili. Mama haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe. Hapiti, hachungulii, hakai kitandani kwao. Akifanya hivyo anawaletea chira, ule ugonjwa wa mwiko unaokausha watoto wa nyumba hiyo mmoja mmoja. Kwa hivyo chumba cha mjukuu wangu kilijengwa mahali ambapo mguu wangu haungekanyaga mpaka kufa. Ochieng' hakufikiria. Wanaume hujenga nyumba wakifikiria mabati.

Lakini Fundi, ambaye si damu, aliingia. Aliingia na viatu mkononi, akalala chali kwenye sakafu ya mjukuu wangu, na mimi niko nje nachambua mboga, nasikia kimya chake.

"Anafanya nini saa hii?" nikamuuliza Beatrice.

"Anaangalia juu, Mama."

"Ameona nini?"

"Bado hajasema, Mama."

Alikuja siku tisa. Nilihesabu. Beatrice alianza kucheka tena, nilimsikia kupitia ukuta, kicheko ambacho mimi sikuweza kumtoa kwa mwaka mzima na supu zangu zote. Alikuwa anatoka jikoni na chai ya Fundi yenye maziwa mengi. Jioni aliniambia, "Fundi amechora samaki, Mama. Fundi amesema mtoto atalala kichwa upande huu. Fundi amesema nisiinue ndoo." Mimi nilikuwa nimemwambia asiinue ndoo tangu mwezi wa tatu.

Siku ya tisa Fundi alifunga pazia dirishani, kitambaa cha krimu chenye mistari ya kijani, akaondoka. Nilizunguka upande wa migomba. Dirisha lilikuwa wazi, na nikaona upindo wa chini wa lile pazia haujashonwa. Pini tano. Nilicheka peke yangu. Kazi yote hiyo, sifa zote hizo, na doa lake liko dirishani, mahali ambapo kila anayepita kwenda mtoni anaona.

Jumanne iliyofuata Beatrice alikwenda kliniki Homa Bay, Ochieng' yuko kazini. Nikachukua kigoda, sindano na uzi mweupe. Nilisimama nje, nikapitisha mikono katikati ya nondo za dirisha, nikalivuta pazia kwangu. Nikaona dari kidogo, pembe moja tu, kware mmoja mwekundu. Nikatoa pini moja baada ya nyingine nikashona. Sikuwa nashona kwa ubaya. Au labda kwa ubaya. Nilitaka tu katika chumba kile kuwe na kitu kimoja kilichopita mkononi mwangu. Mwiko niliukumbuka, usidhani sikuukumbuka. Nilijiambia mwiko ni wa Fundi, si wa wazee, ameutunga mwenyewe ili aonekane. Nikashona haraka, nikakata uzi kwa meno.

Alhamisi uchungu ukamshika Beatrice, wiki tatu kabla ya siku zake. Wakampeleka hospitali. Alhamisi ikaisha, mtoto hajatoka. Ijumaa asubuhi Ochieng' akamtuma mtu wa baiskeli, jina lake Zablon, akasema madaktari wanaongea pembeni. Nilimwangalia Zablon mdomo ukitembea, lakini nilichoona ni ule upindo. Nimefunga. Nimekiambia kifo kazi imeisha, njoo.

Nikachukua wembe, nikakimbia kwenye migomba bila kigoda. Nilijivuta kwa nondo za dirisha mpaka vifundo vya miguu vikanyooka. Nikalishika pazia.

Upindo ulikuwa wazi. Pini tano ziko mahali pake. Uzi wangu hakuna hata kipande, ila vitundu, mstari wa vitundu vilivyopinda kama njia ya ng'ombe. Hapo nikajua Fundi amekuja, ameona, amejua mkono ni wa nani, amefumua.

Saa saba Zablon akarudi anapiga kengele ya baiskeli tangu barabarani. Msichana. Mzima. Mama mzima. Wanawake wakaanza vigelegele, nami nikaanza nao, na katikati ya ile furaha, sifichi hapa, nilisikia kidonda kingine. Hata kuokoa alinitangulia.

Mtoto akaitwa Anyango, kwa kuwa alikuja jua likiwa juu. Siku ya kumleta nyumbani boma lilijaa. Risper alikuwepo, Dorka, nesi Roselida, na Fundi na kofia yake ya manjano. Mtoto akapelekwa ndani, mle nisimofika, akalia. Fundi akazunguka upande wa migomba, wanawake wakamfuata, mimi nikavutwa nao. Akasimama chini ya dirisha, akatoa sindano kwenye kola ya gauni, tayari ina uzi. Akanigeukia mbele ya watu wote akaninyooshea.

"Nyar Karungu," akaniita, yaani binti wa Karungu, "njoo unisaidie hapa."

Nilisikia masikio yakiwaka. Nikasema moyoni, huyu ameamua leo. Anataka nishike sindano mbele ya Risper na Dorka, ili aseme, oneni, hata juzi alijaribu. Nikafunga mikono kwenye kwapa.

"Kazi ya Fundi inamalizwa na Fundi," nikasema. "Mimi ni mtu wa udongo."

Dorka akacheka, akidhani ni utani. Fundi hakucheka. Alikaa na mkono umenyooka kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, kisha akairudisha sindano kwenye kola, akasema, "Haya," akaenda kula. Upindo ule haukufungwa siku hiyo wala siku nyingine. Beatrice alimkumbusha mara mbili, Fundi akamjibu kwamba huo si wake wa kufunga.

Miaka ikaenda. Anyango alinipenda, nisiseme uongo. Alinifunga kanga kichwani, aliniita dani, bibi yake, kwa sauti iliyofika barabarani. Lakini alikuwa akilala na kuangalia juu, na jioni akija jikoni kwangu aliniuliza, "Dani, mbona kwako hakuna kware?"

Alipofika umri wa kuanza shule, Beatrice alibadilisha chumba. Akaniletea lile pazia, limefifia, akasema, "Mama, litakufaa kwa vitambaa vya sufuria." Nilikaa nalo magotini. Vitundu vyangu bado vilikuwepo, na pini mbili zimeota kutu. Kesho yake nilivaa viatu nikaenda Rangwe, kwa binti wa Fundi, ambako walisema Fundi amehamia kwa sababu ya macho.

Nilimkuta kwenye kitanda, amelala chali, mikono kifuani. Mboni zake zilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyolala. Juu yake mabati matupu.

"Nani?"

"Ni mimi. Nyar Karungu."

"Toka kwenye mwanga," akasema, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Hata huo mwanga siuoni. Kaa."

Nikakaa. Nikamwekea pazia mkononi. Vidole vyake vikatembea, vikafika kwenye upindo, vikasimama.

"Umekuja na hili," akasema.

"Fundi, ni mimi niliyeshona."

"Najua. Nani mwingine angeshona kutoka nje?"

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Nilipita kuangalia neti, nikaona. Nikafumua, nikakuachia tena."

"Ukaniachia nini?"

Akageuza uso upande wa sauti yangu. "Kwani ulidhani ule upindo ni wa nani?"

Nikautazama ule upindo mikononi mwake.

"Nyar Karungu, nimeshona vyumba hamsini huku. Upindo wa mwisho ni wa nyanya, bibi wa mtoto. Mtoto akilia, nyanya anapewa sindano, anafunga. Siku zote. Nyanya haambiwi kabla, maana akiambiwa anajiandaa, na kujiandaa ndiko tunakokukataa. Kwa Roselida niliacha shuka, maana mama mkwe wake ni wa wale wa kanisa wasiojali mwiko wa chumba, aliingia akakaa. Kwa Consolata niliacha kamba ya mbeleko, bibi yule alikuwa hawezi kusimama. Popote mkono wa nyanya unapofika, hapo ndipo naacha. Kwako nililala kwenye sakafu ile siku ya kwanza, nikaangalia, nikauliza, huyu mama atafika wapi? Nikasema, dirishani. Ukafika peke yako kabla hujaitwa." Akapumua. "Fundi gani mwenye akili anaacha upindo wake wazi dirishani, barabara nzima ione?"

Nje mtu alikuwa anatwanga.

"Ulininyooshea sindano mbele ya watu."

"Nilikunyooshea."

"Nilidhani unanianika."

"Niliona." Akapapasa kwenye kola ya gauni lake la kulala. Mwanamke asiyeona, na bado sindano iko pale pale. "Uzi uko kwenye mkebe chini ya kitanda. Siwezi kutunga tena. Tunga."

"Fundi, Anyango anaenda shule sasa."

"Kwani wewe umeacha kuwa nyanya yake?"

Nikatunga uzi. Mara mbili nikakosa tundu. Nikashona kutoka pembe hadi pembe, nikipita kwenye vitundu vyangu vya zamani, yeye amelala anasikiliza sindano. Nilipomaliza nilikata kwa meno. Akalichukua pazia, akapitisha kidole gumba kwenye upindo wote, polepole, kama mtu anayesoma.

"Bado unashona kama unafukuzwa na fahali," akasema.

Nikacheka, na nikalia kidogo, hakuona. Halafu ule wivu wangu wa zamani ukanyanyua kichwa, hata pale, hata kwa mtu asiyeona. Nilitaka kujua wengine walifanyaje.

"Hao nyanya wengine," nikamuuliza, "wote walisubiri mpaka wakaitwa?"

"Wote."

"Kwa hivyo ni mimi peke yangu niliyeiba."

Fundi akalikunja pazia mara mbili, akalirudisha magotini mwangu.

"Ni wewe peke yako," akasema, "uliyeshona mara mbili."